Mtoto Anayeziba Masikio

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake namna mbali mbali, akampa huyu jicho kali na yule sikio kali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wapenzi, jambo tutakalolieleza safari hii si la kumjibu mpinzani wala la kujadiliana na mtu. Ni jambo lililotokea katika chuo chetu wenyewe, na katika jambo hilo sisi ndio tuliokosa. Tumekawia kuliandika kwa haya. Walakini mwenye elimu anayetangaza makosa ya wenziwe na kuyaficha yake hafai kusikilizwa, na watoto wanaodhulumiwa kwa kosa kama letu wangali wengi katika mitaa yetu.

Yapata miaka minne sasa, aliletwa chuoni kwetu mtoto wa kiume wa miaka saba. Wanafunzi wetu hufika arubaini, na kila mmoja husoma pahali pake kwa sauti yake, kama ilivyo desturi ya vyuo vya pwani tangu zama za wazee wetu. Mpita njia huisikia sauti hiyo akafurahi, nasi hujiona tumefanya kazi. Mtoto huyu alipofika mlangoni alisimama, akaziba masikio yake kwa viganja, akaanza kupiga ukelele. Tulimkaripia, akazidi. Mwalimu mmoja akagonga ubao kwa fimbo ili wenziwe wanyamaze, naye mtoto akajiuma mkono hata damu ikatoka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Siku ya nne tukamchapa, kwa kudhani kuwa ni ukaidi wa mtoto aliyedekezwa. Juma lilipokwisha tukamwita babake tukamwambia, "Mtoto huyu ana jambo. Mtafutieni dawa kwanza, kisha mumrudishe." Na neno hilo, "ana jambo", kila mtu wa pwani ajua maana yake.

Babake si mtu mbaya. Alifanya kama alivyofahamu kutokana na maneno yetu. Alimpeleka kwa mganga, akafukizwa, akapigiwa ngoma usiku mzima. Basi tazameni, ndugu zetu, mtoto anayeumizwa na kelele alitiwa katikati ya ngoma ili atibiwe! Kila alipolia waliambiwa kwamba pepo anaungua, na kila alipozidi kulia, ngoma nazo zikazidishwa. Alitoka huko akiwa hana hata yale maneno machache aliyokuwa nayo, na akakaa miezi mingi bila ya kusema.

Mamake ndiye aliyetuzindua. Bibi huyo huuza mahamri na mbaazi katika ujia ulio nyuma ya chuo chetu, na mtoto hukaa chini ya meza yake, ukuta ukiwa baina yake na sisi. Siku moja baada ya Alasiri alitujia barazani, akasimama kando, akasema, "Maalim, nakuombeni mje nyumbani msikize kitu." Tulikwenda. Mtoto alikuwa katika chumba cha ndani, mlango umerudishwa, naye asoma juzuu ya Amma. Aliisoma yote. Na palipokuwa na mwanafunzi wetu mmoja ambaye hukosea kila siku pahala pale pale, yeye alilisoma lile kosa, kisha akaisoma sauti yetu ya kulisahihisha, kwa ukali wake ule ule, kisha akaendelea. Tulisimama katika ukumbi ule tukijisikia wenyewe. Yule bibi akasema, "Maalim, mwanangu hakuwa akiikimbia Qurani. Alikuwa akizikimbia kelele."

Hatukuwa na jawabu, wala hatunalo hata leo.

Baadaye alimpeleka hospitali, akaambiwa kuwa mtoto wake ana usonji. Tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza matabibu na tukisoma yaliyoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Usonji si maradhi ya kuambukiza, wala si wazimu, wala si malezi mabaya. Ni hali ambayo mtoto huumbwa nayo katika ubongo wake, na inakuwa naye maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 alikuwapo mtu 1 mwenye hali hii katika kila watu 127. Basi kila mmoja na ahesabu nyumba za mtaa wake. Hali hii ilielezwa kwa urefu na tabibu Leo Kanner, wa Baltimore huko Marekani, katika mwaka 1943, alipoandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Tangu wakati huo alitaja mambo mawili yanayotuhusu sisi hapa: kwamba watoto hao hufazaika sana kwa sauti kubwa, na kwamba hutaka mambo yabaki kama yalivyokuwa, hata kiti kikiondolewa pahala pake huwa msiba. Naye aliona jambo la ajabu, kwamba mtoto yule yule anayeogopa mshindo aweza kufanya mshindo mkubwa kuliko huo kwa mkono wake mwenyewe na akafurahi. Kinachomtisha ni sauti inayomvamia bila ya yeye kuitaka wala kuitazamia. Matabibu wa akili wa Marekani walipotoa kitabu chao cha kuzitambua hali hizi katika mwaka 2013, walilitia jambo hili la kuhisi kupita kiasi, au kuhisi kwa uchache, katika alama za usonji.

Wala tusidhani kwamba ujinga katika jambo hili ni wa watu wa pwani peke yao. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapo wataalamu wakubwa wa Marekani waliowatuhumu kina mama, wakasema kuwa mtoto huwa hivi kwa sababu mamake ana moyo baridi na hakumpenda. Mama wangapi walilia kwa uzushi huo! Hata mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hii, akatoa kitabu cha kulivunja dai hilo. Kwetu hatusemi moyo baridi. Twasema pepo, au jicho, au laana. Wachunguzi waliowauliza wazazi wa Kilifi na Mombasa, na wakachapisha khabari zao mwaka 2015, waliyakuta hayo hayo, yamechanganyika na sababu za maradhi na taabu za uzazi.

Sasa natueleze linalotokea ndani ya sikio hilo. Mtu akikaa karibu na jenereta, baada ya muda huwa haisikii tena. Jenereta haikunyamaza; ni akili iliyoizoea na kuiweka kando. Kwa wengi katika watoto hawa mazoea hayo huchelewa au hayaji kabisa, na mlio wa kumi huwapiga kama ulivyowapiga wa kwanza. Na sisi tukiwa katika arusi, kelele zimejaa, twaweza kumsikiza mtu mmoja tu anayesema nasi, na nyingine zote tukaziacha zipite. Mtoto huyu huzipokea zote pamoja: matari, vigelegele, feni, mlango unaofungwa, sahani zinazogongana jikoni. Temple Grandin, bibi wa Marekani mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka 1947 na akawa profesa wa elimu ya wanyama, amesimulia kwamba kengele ya shule ilimwuma utotoni kama keekee ya tabibu wa meno inapogusa mshipa wa fahamu. Basi ni nani katika sisi atakayekaa kwa adabu akifanyiwa hivyo? Na ni nani atakayeona haki kuchapwa kwa sababu hakukaa?

Lakini hapa pana neno ambalo wengi hulikosea, hata wale waliokwisha kusikia habari za usonji. Hudhani kwamba watoto hawa wote ni namna moja, na kwamba ukimjua mmoja umewajua wote. Sivyo. Sisi tunao sasa watoto sita, na hakuna wawili waliolingana. Yule wa kwanza tumekwisha kumtaja. Yupo binti wa miaka tisa ambaye ukimwita jina mara tano hageuki, na tuktuk ikipiga honi nyuma yake hastuki, hata jamaa zake wakadhani ni kiziwi. Walakini karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili aisikia akaja. (Na mzazi wa mtoto kama huyu asiache kumpima masikio hospitali kwanza, kwani huenda likawa ni sikio kweli.) Kwa binti huyu hatuhofii kelele, twahofia njia, maana sauti ya hatari haimwonyi. Na yupo mtoto wa tatu ambaye apenda mshindo: huweka shavu lake juu ya spika akacheka. Ungedhani huyu hana taabu. Lakini mpitishe njia nyingine ya kwendea chuoni, kwa sababu ile ya kila siku inachimbwa mfereji, atajitupa chini katikati ya njia akalia saa nzima, na watu watasimama wamtazame mamake kwa jicho la lawama. Basi dawa ya mmoja siyo dawa ya mwenziwe, na mwenye kujua ni yule anayeishi naye. Mwulize mama kabla hujampa nasaha.

Na juu ya mabadiliko ya ghafla, ndugu zetu, sisi Waislamu tunao wakati mmoja katika mwaka ambao ni mzito mno kwa watoto hawa, nao ni usiku wa kuandama mwezi. Tazameni yanayotokea. Jua limekuchwa, hatujui kama kesho ni Ramadhani au sio. Simu zaanza kulia, watu waulizana vichochoroni, wengine wasema umeonekana na wengine wasema bado. Mara mlango wagongwa, nyumba nzima yasimama, na tangu saa ile hapana kilichobaki pahala pake. Chai ya asubuhi haipo, baba hulala mchana, usiku umegeuka mchana, na mtoto aamka saa kumi za usiku kwa kishindo cha vyungu vya daku. Sisi twafurahi, yeye aona dunia imepinduliwa na hakuna aliyemwambia. Kisha mwisho wa mwezi yapinduliwa mara ya pili, na asubuhi ya Idi huvikwa nguo mpya yenye wanja mgumu, akapelekwa katika umati, na fataki zikilipuka njiani.

Mama mmoja katika jamaa zetu amepata hila njema, nasi twaieleza ili wengine waige. Siku kumi kabla ya Ramadhani humchorea mwanawe karatasi mbili. Katika moja yupo baba anayekunywa chai asubuhi, na katika ya pili yupo baba asiyekunywa, na futari imetandikwa Magharibi. Kila jioni humwonyesha zote mbili, akamwambia kwamba itakuwa hii au hii, na kwamba mwezi ndio utakaosema. Usiku wa kuandama huitoa ile isiyohusika na kuibandika ile iliyo kweli. Mtoto hakuacha kufazaika kabisa, tusije tukadanganya. Lakini ile saa nzima ya kilio imekuwa dakika chache. Jambo lisilojulikana limetiwa ndani ya jambo linalojulikana. Kadhalika mashine ya kusagia nazi: humwambia kwanza, kisha humpa yeye mtoto aibonyeze swichi. Sauti ni ile ile, lakini safari hii ni yeye aliyeiita.

Huenda akatokea mtu akasema, "Je, sheikh, mwakanusha majini?" Hatuyakanushi, Qurani imeyathibitisha. Tunalolikanusha ni kumpakazia jini kila tusilolifahamu, kisha tukamtesa mtoto kwa dhana. Kumsomea mgonjwa kwa upole, kwa yaliyopokewa, ni jambo linalojulikana katika sheria. Lakini kumshika mtoto akafungwa mikono, akapigiwa makelele sikioni, akapigwa ili jini litoke, hilo hatukulipata kwa Mtume (s.a.w.) na mtoto wa namna hii. Na wapo miongoni mwa watoto hawa wenye kifafa pia, ambao hukosa dawa ya hospitali kwa ajili ya dhana hizo hizo.

Na mwingine atasema, "Mwataka tuache kuadhini kwa ajili ya mtoto mmoja?" La, hatukusema hivyo. Adhana ni alama ya dini yetu. Lakini kipaza sauti hakikuwapo kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, na adhana ilikuwapo. Kiko wapi kitabu kinachosema kwamba spika ya ndani ya msikiti lazima itetemeshe madirisha, ilhali safu zote zimo ndani na wote wasikia?

Ndugu zetu, natuyatazame aliyoyafanya Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akisimama katika sala naye ataka kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuchelea asimtie mamake mashakani. Fikirini sana juu ya jambo hili. Sala ya jamaa nzima, wamo ndani yake Abu Bakr na Umar, yabadilishwa kwa sababu mtoto mmoja analia! Wala hakuwaambia watu wamtoe mtoto nje. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa msikitini, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane na wasipaziane sauti katika kusoma. Basi ikiwa kisomo cha Qurani chenyewe kimewekewa mpaka ili kisimwudhi jirani, itakuwaje kelele zetu zisizo kisomo?

Na Anas (r.a.) amesimulia, katika Sahihi ya Muslim, habari za mwanamke wa Madina aliyekuwa na jambo katika akili yake. Alimjia Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume hakumkemea wala hakumpuuza. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili akaisikilize haja yake huko, akaenda akasimama naye mpaka alipomaliza. Tazameni: yeye mwanamke ndiye aliyechagua pahala. Na sisi, mtoto aliyeziba masikio mlangoni alikuwa akituambia kwa viganja vyake kwamba pahala pale hapawezi. Sisi tukamvuta ndani.

Watu wengine hutuuliza juu ya kijana aliyebaleghe mwenye hali hii, na Ijumaa. Twaona kwamba hukumu hapa ni ya mtu mmoja mmoja. Mwenye akili timamu asiyedhurika, faradhi i juu yake kama wengine. Anayeweza kuja akikaa karibu na mlango, au akija khutuba inapokaribia kwisha, au akiwa na viziba masikio, na asaidiwe kwa hayo, wala asitazamwe kwa jicho baya. Na anayepata dhara ya kweli kwa umati na mshindo, mafaqihi wametaja nyudhuru zilizo nyepesi kuliko hiyo, kama matope na mvua kubwa. Aulizwe mwanachuoni anayemjua kijana na nyumba yao. Na juu ya hivyo viziba masikio, matabibu hushauri vivaliwe wakati wa haja, si mchana kutwa, maana sikio lililofungwa daima huzidi kuona uchungu linapofunguliwa.

Tulimwendea babake mtoto tukamtaka radhi, na mamake pia. Mtoto mwenyewe tulimwendea tukamwambia, "Tusamehe, mwanangu." Hakututazama. Alikuwa akivipanga viatu vya wanafunzi mlangoni, vidole vyote vimeelekea upande mmoja, na kimoja tulichokuwa tumekivua ovyo alikichukua akakiweka katika safu. Hatujui kama ndiyo jawabu.

Sasa fimbo ya ubaoni tumeiondoa. Watoto hawa sita husoma katika chumba kidogo cha nyuma, mmoja mmoja, kila siku saa kumi na nusu, na saa haibadilishwi. Mwalimu akiwa mgonjwa tunatuma khabari nyumbani tangu asubuhi, ili mtoto aambiwe mapema. Khitima na Maulidi vinapofanywa chuoni, wazazi wao huarifiwa siku tatu kabla, na wanaotaka kubaki nyumbani hatuwahesabii kuwa wamekosa. Yule wa kwanza amefika Tabaraka. Lile kosa la mwenziwe bado alisoma, na sauti yetu ya ukali nayo angali aisoma baada yake, nasi kila jioni twaisikia.

Mzazi aliye na mtoto wa namna hii, na aliyeambiwa na chuo chochote, kikiwamo chetu, kwamba mtoto wake hafundishiki, na aje barazani siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Aje na mtoto ikiwa mtoto mwenyewe yu radhi kuja. Asiyekuwa radhi aachwe pale pale alipozoea, nasi tutamwendea.

Wabillahi tawfiq.